Redio ya betri ni sehemu ya huduma ya kwanza nyumbani

Kuna swali ninalowauliza wazazi kliniki kwa miaka kadhaa sasa, na karibu kila mara linawachekesha. Nikishamaliza kuuliza habari za chandarua, choo na maji ya kunywa, nauliza: "Na redio mnayo nyumbani?"

Baba mmoja aliyekuja na mkewe kumleta mtoto wa miezi tisa kwa chanjo ya surua alicheka mpaka mkewe akamgusa kwa kiwiko. "Daktari, redio tena? Nyumbani kuna televisheni ya inchi hamsini!"

Nikamuuliza, zile siku za mvua kubwa umeme ulipokatika mtaani kwao, walikaa gizani kwa muda gani? Akanyamaza. Mkewe ndiye aliyejibu: "Siku mbili, daktari. Na simu zote zikaisha chaji."

Leo nataka niseme wazi ninachoamini baada ya miaka mingi ya kutibu watu hapa Dodoma. Redio ndogo ya betri ni sehemu ya huduma ya kwanza nyumbani, sawa na pakiti za ORS, tochi na kadi ya kliniki ya mtoto. Televisheni ninayo na ninaipenda, lakini siku ya dharura isiwe tegemeo lako la kwanza. Nitasema pia jambo ambalo sisi watu wa afya hatupendi kuambiwa: hata redio inaweza kumponza mtu, ikisema nusu ya ujumbe.

Tulikotoka

Sisi tuliokulia Dodoma miaka ya themanini hatukuwa na cha kuchagua. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Taarifa ya msiba, ya mvua, ya kipindupindu na ya matokeo ya mitihani, zote zilitoka kwenye redio moja iliyowekwa juu ya kabati, na watoto tukakatazwa kuigusa.

Kabla sijazaliwa, redio hiyo hiyo ilikuwa imeshafanya kazi kubwa ya afya. Mwaka 1973 Serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima takribani milioni mbili walikaa katika vikundi vya kusikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo, kufyeka vichaka na kufukia madimbwi. Redio haikuachwa ijisemee peke yake. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake, na baada ya kipindi watu waliulizana: sisi hapa tunafanya nini?

Mfano wa pili unatuhusu sisi wa Dodoma moja kwa moja, ingawa wengi hatuujui. Mwaka 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, uliofundisha juu ya uzazi wa mpango na Ukimwi. Sehemu kubwa ya nchi iliusikia. Dodoma hatukuusikia. Mtambo wa hapa ulirusha vipindi vingine kwa makusudi, ili watafiti waweze kulinganisha sehemu zilizousikia na sehemu isiyousikia. Baada ya miaka miwili tofauti ilionekana: walikousikia, watu wengi zaidi walianza kutumia uzazi wa mpango, na walieleza kuwa wamepunguza idadi ya wapenzi. Mwaka 1995 mchezo ulipoanza kusikika Dodoma, mabadiliko ya namna hiyo yakaanza kuonekana na huku.

Nilikuwa shule ya msingi wakati huo na sikujua kwamba kuna jambo tunakosa. Niliyasoma haya chuoni, nikiwa tayari na koti jeupe. Niliudhika kidogo, nakiri. Lakini ni ushahidi ambao sijausahau: sauti peke yake, isiyo na picha, ilibadili wanachofanya watu ndani ya nyumba zao, na sisi tuliokosa sauti hiyo tulichelewa.

Somo la mwaka 2007

Mapema mwaka 2007, baada ya mvua kubwa, Homa ya Bonde la Ufa ililipuka nchini. Wagonjwa waliothibitishwa na waliodhaniwa kwa nguvu walikuwa 309, na watu 144 walifariki dunia. Dodoma ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi. Nilikuwa daktari wa mafunzo kwa vitendo, mgeni wa wodi, na nilikuwa sijawahi kuuona ugonjwa huo.

Virusi vyake huwashambulia ng'ombe, mbuzi na kondoo. Dalili inayowashtua wafugaji ni mimba za mifugo kuharibika kwa wingi. Binadamu huambukizwa hasa kwa kugusa damu, majimaji au nyama mbichi ya mnyama mgonjwa, na pia kwa kuumwa na mbu. Wengi hupata homa na maumivu ya mwili wakapona. Wachache hutoka damu, ini huharibika, ubongo huvimba, au macho hupoteza nuru.

Wakati ule televisheni zilikuwa mjini, tena kwa wachache. Wafugaji walikuwa na redio, na matangazo waliyasikia. Siku moja aliletwa mzee mwenye homa kali na macho mekundu. Mwanawe alikuwa na hasira, akaniambia: "Daktari, redioni tulisikia. Walisema tusile nyama ya mnyama aliyekufa. Hatukula hata kipande."

Nikauliza maswali mengine taratibu. Ng'ombe alipoanza kuumwa, mzee alimzalisha ndama aliyekufa tumboni, kwa mikono mitupu. Ng'ombe alipokufa, akamchuna kwa ajili ya ngozi. Nyama wakaifukia, kama walivyoambiwa.

Mzee alipona. Jicho moja halikurudi kuona vizuri.

Nimemfikiria mzee yule mara nyingi. Alikuwa msikilizaji mtiifu kuliko wengi wetu. Ujumbe ulimfika kwa wakati, kwa lugha anayoielewa, kupitia chombo alichokiamini. Alifanya kila alichoambiwa. Kilichompata ni kile ambacho hakikusemwa, au kilisemwa saa ambayo yeye yuko malishoni: usimguse, usimchune, usimzalishe kwa mikono mitupu, mwite mtaalamu wa mifugo.

Ndiyo maana ninaposikia watu wakibishana kama redio ni bora kuliko televisheni au kinyume chake, nasema swali hilo lina sehemu mbili. Ya kwanza: ni chombo gani kitakuwa hai saa ya dharura? Ya pili: kikiwa hai, kinasema nini?

Chombo kitakachokuwa hai

Sehemu ya kwanza ni rahisi. Televisheni inahitaji umeme, king'amuzi, antena au dishi, na mara nyingi kifurushi kilicholipiwa. Tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa, ikianzia Dar es Salaam Desemba 31, 2012 na kufuatia mikoa mingine, ile televisheni ya zamani yenye antena ya waya peke yake haionyeshi kitu. Kimoja kati ya hivyo kikikosekana, kioo ni cheusi. Na mvua inayoleta mafuriko na kipindupindu ndiyo hiyo hiyo inayoangusha nguzo za umeme.

Redio ya betri inahitaji betri. Unaweza kuibeba ukihama nyumba iliyoingia maji. Unaweza kuisikiliza huku umembeba mtoto, unapika au unapalilia. Mchungaji wa mbuzi anatembea nayo begani. Mama aliye gizani na mtoto anayeharisha hana muda wa kukaa mbele ya kioo, lakini masikio yake yako wazi.

Mtaniambia, simu je? Simu ni msaada mkubwa, na nyingine zina redio ndani yake. Lakini simu nyingi zinahitaji waya wa masikioni ili zishike masafa, chaji inaisha, bando linaisha, na kwenye makundi ya simu ujumbe wa kweli na wa uongo huja umevaa nguo moja. Mara ngapi umepokea sauti ya mtu usiyemjua anayejiita daktari? Kwenye redio yenye leseni, angalau unajua studio iko wapi na nani wa kumuuliza.

Hapa nitende haki kwa televisheni, maana ina kazi ambazo redio haiziwezi. Namna ya kupima lita moja ya maji ya kuchanganyia ORS, au mtoto aliyeishiwa maji anavyoonekana macho yalivyoingia ndani, ni mambo yanayoeleweka haraka yakionyeshwa. Kiziwi hasikii redio. Anamhitaji mkalimani wa lugha ya alama kwenye kioo. Na televisheni huwafanya walio mbali waguswe. Desemba 3, 2023, tope lilipoporomoka kutoka Mlima Hanang na kuifunika sehemu ya mji wa Katesh, kwa majirani zetu wa Manyara, zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Picha zile ziliwagusa Watanzania, nao wakatoa mablanketi, chakula na fedha.

Lakini tazama ni nani aliyeziona picha hizo. Ni sisi tuliokuwa mbali, nyumba zetu zikiwa kavu na umeme unawaka. Aliyekuwa ndani ya maafa hakuwa na televisheni. Ilikuwa chini ya tope. Televisheni inamweleza aliye salama juu ya aliye hatarini. Redio inaweza kumsemesha aliye hatarini mwenyewe.

Na wazazi, nawaomba jambo moja kuhusu picha hizo. Siku zile nilimpokea mtoto wa darasa la pili aliyeacha kulala vizuri, kila mvua ikinyesha analia. Hakuwahi kufika Katesh. Alikuwa ameyaona mandhari yale yale kwenye taarifa ya habari, jioni baada ya jioni, na kila marudio kwake lilikuwa tope jipya. Mtoto mdogo hajui kwamba hiyo ni picha ya jana. Tazama habari mara moja, kisha zima, kaa naye umweleze kwamba hapa mlipo mko salama na mtafanya nini mvua ikizidi.

Ujumbe nusu ni hatari

Sasa sehemu ya pili, inayotuhusu sisi tunaosema. Mlipuko ukitokea, kiongozi au daktari husimama mbele ya vipaza sauti akasema: "Wananchi wanatakiwa kuchukua tahadhari na kuzingatia kanuni za afya." Kamera zinazima, kila mtu anaondoka ameridhika. Mama wa kijijini aliyesikia anabaki anajiuliza: tahadhari ndiyo ipi? Niichukue wapi?

Kuna mfano mwingine wa hapa hapa kwetu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, familia ziliugua baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na ukungu. Walitapika, wakaumwa tumbo, macho yakawa ya manjano. Takribani watu 20 walikufa. Kenya nao, mwaka 2004 katika maeneo ya Makueni na Kitui, walipoteza watu 125 kwa sumu hiyo hiyo.

Fikiria tangazo linalosema tu: "Msile mahindi yenye ukungu." Mama mwenye gunia moja la mwisho atafanya nini? Atayaosha, atayaanika, atayasaga, na uji utaonekana mweupe na safi. Atampa mtoto akiwa na amani moyoni. Kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba kupika na kusaga hakuiondoi sumu hiyo, kwamba punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika au kutobolewa huchambuliwa na kutupwa, na kwamba mahindi yaanikwe juu ya turubai au kichanja, si juu ya udongo. Na hakuna aliyemwambia aende wapi kuomba chakula kama gunia lote limeharibika. Bila hilo la mwisho, mengine yote ni mahubiri.

Kwa hiyo nasema kwa wenzangu wa sekta ya afya na kwa watangazaji wa redio zetu za mkoani: tangazo la dharura lijibu maswali manne. Kuna nini, na kiko wapi? Nifanye nini sasa hivi kwa kile nilichonacho nyumbani? Nisifanye nini, hata kama nimezoea? Niende wapi na ishara gani inaniambia nisingoje?

Kwa kipindupindu, kwa mfano, lingesikika hivi: "Kata yetu ina kipindupindu. Chemsha maji ya kunywa au yatie dawa. Mtoto akiharisha majimaji, anza kumpa ORS hapo hapo, kidogo kidogo, kila anapoharisha, na endelea kumnyonyesha. Usimnyime maji ukidhani kuharisha kutakoma. Mpeleke kituo cha afya sasa, ukiendelea kumpa ORS njiani. Akiwa amelegea, macho yameingia ndani au hawezi kunywa, usingoje kuche. Maswali, piga 199, ni bure."

Maneno hayo hayamalizi dakika moja kuyasoma. Yarudiwe kila saa, kwa wakati uleule unaojulikana, maana redio haina kurudi nyuma: aliyekuwa kisimani saa mbili asubuhi ayapate saa tatu. Alfajiri kabla ya watu kwenda shamba na jioni wakirudi ndiyo saa zenye masikio. Mkutano wa saa tano asubuhi na waandishi wa habari, wakati mkulima yuko shambani, unawafaa zaidi waandishi wenyewe.

Nyumbani kwako

Wewe mzazi usingoje sisi tujirekebishe. Fanya haya wiki hii.

Kwanza, uwe na redio ndogo inayotumia betri au mwanga wa jua, na betri za akiba. Kama huitumii mara kwa mara, toa betri ndani yake zisivuje zikaiharibu.

Pili, jua masafa ya redio mbili: moja ya taifa na moja ya hapa mkoani. Yaandike kwa kalamu kwenye karatasi, uigundishe nyuma ya redio yenyewe, ili hata dada wa kazi au mtoto mkubwa aweze kuyapata ukiwa haupo.

Tatu, taarifa ikitoka, sikiliza hadi mwisho na mweleze mwingine. Kama bibi anaelewa Kigogo au Kirangi kuliko Kiswahili, mfasirie. Jirani akiwa kiziwi, mwonyeshe. Hivi ndivyo vikundi vya Mtu ni Afya vilivyofanya kazi, na havikuhitaji umeme.

Nne, ukisikia dawa ya ajabu redioni, hasa kutoka kwa mtu aliyepiga simu studio, usiitumie kwa mtoto kabla ya kuuliza. Piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, au muulize mhudumu wa afya wa kijiji chako. Mama mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga akipata dharura, namba ya usafiri ni 115.

Tano, weka pakiti za ORS na vidonge vya zinki karibu na redio. Kusikia bila kuwa na cha kutumia ni nusu ya kazi. Soma pakiti inavyoelekeza kiasi cha maji. Nyingi ni za lita moja. Chagua chupa moja ya lita moja, iwe kipimo chako siku zote.

Yule baba wa inchi hamsini alirudi mtoto alipofikisha miezi kumi na minane, kwa chanjo ya pili ya surua. Kabla sijauliza chochote, mkewe akasema: "Redio kanunua, daktari. Ila anasikilizia mpira tu."

Baba akaona haya kidogo. Nikamwambia asiache. Redio iliyofungiwa kabatini ikingoja maafa itakutwa betri zake zimekufa. Ile ya mpira, ya taarab na ya salamu za jioni ndiyo itakayokuwa na betri siku mvua itakapokata umeme na mtoto akaanza kuharisha usiku.

Tukutane wiki ijayo.